Uhai wa Kuazima

Waganga wa kale hawakuchanganya dawa na zindiko. Dawa humfuata aliyekwisha kuumia. Zindiko humtangulia mzima, limkinge na kitakachokuja. Tofauti hiyo nimeikuta imeandikwa kwa hesabu katika mchezo wa Dungeons & Dragons, na kila nikizisoma kanuni zake nawapa heko waliozitunga.

Mchezo huo, uliotoka Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani: kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, msimulizi anaeleza ulimwengu, dadu zinaamua. Mhusika ana pointi za uhai. Zikifika sifuri, anaanguka. Dave Arneson, mmoja wa waasisi wake wawili, alilichukua wazo hilo kwenye michezo ya vita vya meli, ambamo chombo hakizami kwa kombora moja. Basi tangu mwanzo uhai wa shujaa ulikuwa kitu cha kuazima.

Katika toleo la tano, la mwaka 2014, uhai wa muda hukaa kando ya ule wa kweli. Pigo likija, huo ndio huliwa kwanza. Tiba haiurudishi. Na aliyekwisha kuanguka hata umpe pointi 20 za namna hiyo hazinduki, kwa kuwa zindiko si dawa. Tena haujumlishwi: mwenye 5 akipewa 8 huchagua mojawapo, hapati 13. Kanuni fupi, lakini iondoe uone. Kundi zima lingekaa nje ya pango tangu asubuhi likirundika kinga juu ya kinga, na joka lingekuwa limeshindwa kabla halijaamka. Kwa sababu ya kanuni hiyo, uganga uitwao Heroism unaweza kumjazia mtu uhai kila zamu yake bila kuharibu mchezo, kama ndoo ileile inayorudishwa bombani: kisichotumika hakiongezeki.

Ila moyo wangu uko kwenye toleo la tatu, la mwaka 2000, kwa mpiganaji anayeitwa barbarian. Akipandwa na ghadhabu, hupata pointi 2 za uhai kwa kila daraja alilofikia. Wa daraja la 5 hupata 10. Kama ustahimilivu wake wa kawaida ni 14, ghadhabu hudumu raundi 7, yaani sekunde 42 za ulimwengu wa hadithi. Pointi hizi hazitangulii kuliwa. Huchanganyika na zake mwenyewe, kisha ghadhabu ikiisha huondoka zote kwa mpigo. Aliyebaki na 3 hujikuta kwenye hasi 7, anakata roho; kwenye hasi 10 amekufa. Ni nguo ya kuazima ambayo mwenyewe anasubiri mlangoni.

Niliwahi kuketi kwenye meza ambapo adui wa mwisho alianguka raundi ya sita, na hakuna aliyeshangilia. Sote tulikuwa tunamtazama barbarian wetu, amesimama wima, mshindi, ana pointi 2. Kuhani, mwenye tiba, alikuwa ng'ambo ya daraja. Tulianza kuhesabu hatua zake kwa sauti, na aliyemchezesha akazihesabu mara mbili kabla ya kuthubutu kumsogeza. Alimfikia raundi ya saba. Vita vilikuwa vimekwisha, na hapo ndipo tulipoogopa kuliko wakati wowote usiku ule. Hofu hiyo aliipanga mtunzi, kwa kuandika si jinsi uhai unavyokuja tu, bali jinsi unavyoondoka.

Toleo la tano limelifuta deni hilo: ghadhabu sasa hupunguza kwa nusu madhara ya kuponda, kudunga na kukata. Ni rahisi kuhesabu, na ni salama zaidi. Mimi bado nina hamu na ile raundi ya mwisho.

Hata hivyo toleo hilohilo limenipa kipaji cha Inspiring Leader. Mhusika huzungumza na wenzake kwa dakika 10, na hadi watu 6 hupata uhai wa muda sawa na daraja lake pamoja na nyongeza ya mvuto wake. Uhai uliofumwa kwa maneno matupu! Msimulizi wetu hakubali dadu wala mkato hapo; hotuba lazima itolewe, na mezani kimya huwa kimya kweli. Mwenye daraja la 4 na nyongeza ya mvuto ya 3 akimaliza, kila mmoja huandika 7 kwa penseli pembezoni mwa karatasi, mbali kidogo na uhai wake halisi. Kisha mlango unafunguliwa, na kifutio kinaanzia pembezoni.