Kadi Inayokubali na Kukataa

Kadi ya kamera iliyokufa kabisa haina shida: unaitupa, unanunua nyingine. Inayotesa ni ile inayokubali leo na kukataa kesho. Katikati ya arusi kamera inasema haioni kadi. Mpiga picha anaizima, anaiwasha, kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hitilafu hiyo ni kama homa ya vipindi: mgonjwa akifika zahanati, joto limeshashuka. Kuikamata ni kazi ya fundi wa namna ya pekee, na mafundi wa namna hiyo nawaheshimu sana.

Kanyabayonga, mashariki mwa Kongo, inawahitaji. Mji huo umekaa juu ya mteremko mkali unaotazama tambarare ya Rwindi na hifadhi ya Virunga, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma kwenda Butembo na Beni. Kiangazi, vumbi la barabara huingia kila tundu. Wengi huchaji kwa paneli za jua au jenereta, na betri huenda kazini kabla haijajaa. Kisha ikaja Juni 2024: waasi wa M23 wakauteka mji, watu wakakimbia kuelekea Lubero na Butembo na walichoweza kubeba. Albamu nzito huachwa. Kadi huingia mfukoni. Huenda picha za ndoa, za komunyo na za matanga zilizomo humo ndizo pekee zilizosalia kwa familia nzima.

Ndiyo maana ustadi wa kwanza wa fundi ni kutogusa. Kamera ikimwomba afomati, anakataa. Anajua kwamba kufuta au kufomati kwa kawaida huondoa orodha ya mafaili tu. Picha zenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Anayeendelea kupiga picha kwa kadi hiyo ndiye anayezimaliza. Fundi anaitoa, anasukuma kiswichi cha kufunga kilicho ubavuni mwa kadi ya SD, kisha ananakili kadi nzima, hata sehemu zinazoonekana tupu. Kuanzia hapo anafanyia kazi nakala. Anaweza kutumia PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier, ambayo haitegemei ile orodha: hutambua picha kwa alama zake, kwa kuwa kila faili ya JPEG huanza na baiti zilezile, FF D8. Saa zinapita. Yeye hana haraka.

Picha zikishapona, anarudi kwa chanzo, na hapa hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Kadi ileile katika kamera nyingine. Kadi nyingine katika kamera ileile. Baadaye kisoma kadi, baadaye betri. Kila kadi ina namba yake, na kila inapogoma anaandika kwenye daftari: saa ngapi, betri ilibaki kiasi gani, kadi ilikuwa imejaa kiasi gani. Daftari hilo ndilo ninalolistaajabia kuliko vyombo vyake vyote. Likionyesha kwamba kadi hugoma wakati wa video tu, anatazama kasi: alama ya V30 huahidi angalau megabaiti 30 kwa sekunde. Likionyesha kwamba picha za asubuhi ni nzima na za jioni zimeharibika, anashuku kadi bandia, inayodai gigabaiti 128 na ndani ina chache tu. Anaijaza yote kwa programu ya H2testw au F3, halafu programu hiyo inasoma tena kila kilichoandikwa.

Akiwa na shaka na kamera, anachukua tochi na kioo cha kukuzia. Kadi ya kawaida ya SD ina migusano 9 ya kusafishwa taratibu; tundu la CompactFlash lina pini 50, na moja ikipinda inatosha kuvuruga kazi yote.

Anajua pia mwisho wa ufundi wake. Chembe za kumbukumbu aina ya NAND, alizobuni Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, huchakaa kadiri zinavyofutwa na kuandikwa upya, na hakuna bisibisi ya kuzifufua. Kwa hiyo kadi iliyomdanganya haiendi tena arusini, hata kama leo imekubali kila jaribio. Anamweleza mwenye kadi waziwazi, kisha anamshauri: tumia kamera yenye matundu mawili na uandike kote kuwili, subiri taa izime kabla ya kuchomoa kadi, usifomati kabla hujawa na nakala mbili.

Mteja huona kusubiri kwingi na programu ya bure, akadhani amelipa sana. Alicholipia ni uamuzi: lini kuacha, lini kujaribu, lini kukataa. Kijana anayeanza kazi ya picha Kirumba au Butembo angefaidika kukaa miezi kadhaa karibu na fundi kama huyo kabla hajanunua lenzi ya pili.