Ikama kwanza, au viwango kwanza?

Chukua taasisi yenye watumishi 150: daraja la chini 100, la kati 40, la juu 10. Kila mwaka asilimia 10 ya walio chini hupandishwa na asilimia 15 huondoka kabisa. Daraja la kati, asilimia 10 hupanda, asilimia 10 huondoka. Walio juu hawana pa kupanda. Asilimia 10 yao hustaafu au huacha kazi. Ajira mpya ni 25 kwa mwaka, wote wakianzia chini. Mfano ni wa kutunga, lakini viwango hivyo havitamshtua ofisa utumishi yeyote.

Sasa tupige hesabu. Mwaka mmoja baadaye daraja la kati lina watu 42 na la juu 13. Mwaka wa tano wakubwa wanakaribia 24. Viwango visipoguswa, hesabu hutulia kwenye 100, 50 na 50. Sababu ni nyepesi: daraja la kati hupokea watu 10 kila mwaka na kupoteza asilimia 20 ya walio nalo, kwa hiyo hukua hadi asilimia 20 hiyo nayo ifikie watu 10. La juu hufuata mkondo uleule. Taasisi imeishia na mkubwa mmoja kwa kila mtu wa kati, na hakuna kikao kilichopitisha muundo huo.

Hesabu ya namna hii, inayokadiria mwaka ujao kwa mgawanyo wa mwaka huu na viwango vya kuhama, huitwa mnyororo wa Markov. Andrew Young na Gwilym Almond waliutumia kukadiria mgawanyo wa watumishi katika makala yao ya 1961 kwenye The Computer Journal, na mwaka 1967 mwanatakwimu Mwingereza David Bartholomew akaupa msingi mpana katika kitabu chake, Stochastic Models for Social Processes.

Mwaka 1970 Mmarekani Harrison White, mwanafizikia aliyegeukia sosholojia, aliigeuza hesabu hiyo. Alichunguza wachungaji wa makanisa ya Marekani akaona kwamba mtu hahami kwa sababu muda wake umefika. Anahama kwa sababu kiti kimebaki wazi. Basi akafuatilia viti badala ya watu. Mkubwa akistaafu, nafasi yake huchukuliwa na wa kati, ya huyo huchukuliwa na wa chini, na ya mwisho huenda kwa mwajiriwa mpya: mtu mmoja kaondoka, watatu wamesogea. Ukimleta mkubwa kutoka nje, mnyororo huo wa viti unakatika palepale, na walio chini wanabaki walipo. (Waliowahi kusubiri daraja hawahitaji modeli kulijua hilo.)

Modeli zote mbili zina udhaifu, na wa Markov ndio unaouma zaidi. Inamhesabu aliyeajiriwa jana sawa na mwenye miaka 12 kazini, ilhali tafiti za Uingereza za miaka ya 1950 zilionyesha kwamba wanaoacha kazi ni wageni zaidi kuliko wakongwe. Idadi ndogo nayo ina vituko vyake: katika watu 40, asilimia 10 ni wanne, lakini bahati tu inaweza kuwafanya wawili mwaka huu na sita mwaka ujao. Tena viwango hutokana na miaka iliyopita. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja kupisha uhakiki wa watumishi. Anayekadiria kwa takwimu za kipindi hicho anapima agizo, hapimi mwenendo wa watumishi.

Kwa hiyo swali la kwanza liwe: ni kipi kilichofungwa, viti au viwango? Panapotawala ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, na bajeti ya mishahara, anza na viti, kama White. Pale ambapo mtu hupanda kwa kutimiza miaka na vigezo, hata kama juu hakuna nafasi, Markov inafaa, na itakuonyesha mapema bili ya mishahara inakoelekea. Mpangaji anayeahidi vyote viwili, ikama isiyobadilika na kila mtu kupanda kwa wakati wake, aombwe aonyeshe hesabu yake.