Zimwi, Mwelfi na Kipande: Tatizo la "Kabila" katika Michezo ya Uhusika

Michezo ya uhusika, yaani ile ambayo wachezaji huketi pamoja, kila mmoja akajitwalia nafsi ya kubuni na kuisemea, kwa kawaida haihesabiwi kuwa fasihi. Kielelezo chake mashuhuri ni Dungeons & Dragons, mchezo uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Mchezaji huwa na karatasi. Juu yake huandika jina, jinsi ya kiumbe alichochagua, kazi yake, na alama za nguvu, wepesi, akili na haiba. Dadu hurushwa, hadithi ikaendelea. Hoja yetu ni kwamba anayetaka kuuandika mchezo wa namna hii kwa Kiswahili, kwa ajili ya vijana wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hana budi kulitafakari kwanza neno linalotaja jinsi ya kiumbe, kwani neno hilo litaamua mengi kuliko dadu.

Neno linalomjia mtu upesi ni kabila. Ubora wake ni kueleweka, na ubaya wake ni huo huo. Katika Kaloleni, Jericho au Dandora, kabila si dhana ya vitabuni: ni swali ambalo kijana hulikuta katika siasa, na ambalo mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, liliwatoa watu katika nyumba zao. Mwambie kijana huyo, "Chagua kabila lako, kisha utazame alama zako za akili," nawe umekwisha kumfundisha jambo ambalo hukulikusudia. Mbari nayo ina matata yake: Mswahili huielewa kuwa ni ukoo, ilhali kwa msemaji wa Kikuyu inabeba habari za nasaba na ardhi. Taifa ni dola na bendera. Spishi, neno la vitabu vya baiolojia, halina damu, na yamkini hiyo ndiyo sifa yake. Lililo baya kuliko yote ni mbilikimo, ambalo mfasiri mvivu hulishika kwa ajili ya yule kiumbe mfupi wa milimani. Jina hilo limekwisha kutumiwa kwa watu halisi wa misitu ya Kongo, na kuwaingiza katika orodha moja na mazimwi ni kuwatukana.

Lakini hata tukilikwepa neno kabila, sarufi yenyewe hutusaliti. Tukiitumia ngeli ya M-/Wa-, elfi huwa Mwelfi, wenzake Waelfi, lugha yao Kielfi na nchi yao Uelfi. Msomaji hana njia ila kuwaona kuwa ni kabila jingine linalopakana na Wakamba. (Jina lenyewe lina mkosi wa kusikika kama elfu, bali hilo ni dogo.) Masimulizi yetu ya kale hayakufanya hivyo. Hatusemi Wazimwi wala Wajini. Twasema mazimwi na majini, nao huchukua upatanisho wa viumbe hai: zimwi amekuja, mazimwi wamekuja. Umbo la nomino huonyesha ugeni wao, kitenzi huwakubali kuwa ni nafsi. Tena upo uhuru: asemaye jitu limekuja humweka mbali, na asemaye jitu amekuja amekwisha kumkaribisha. Mwandishi makini anaweza kuutumia uhuru huu, akabadili upatanisho kadiri jitu linavyozoeana na wenzake, bila kuandika hata sentensi moja ya ufafanuzi.

Ipo sababu ya kihistoria ya kuwa waangalifu hapa kuliko mahali pengine. Eastlands yenyewe ilijengwa kwa kanuni inayofanana na ya mchezo huu. Chini ya ukoloni, Nairobi iligawiwa kwa rangi: Wazungu kwenye miinuko ya magharibi, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki, katika Pumwani ya miaka ya 1920 na hatimaye Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuchukua kipande: hati yenye jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara, iliyotiwa katika kijaluba cha bati na kuning'inizwa shingoni. Hiyo ni karatasi ya mhusika, isipokuwa mhusika mwenyewe hakuijaza. Na tarehe 24 Aprili 1954, msako ulioitwa Operation Anvil ulipoanza, wakazi walipangwa mistari. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wengine. Walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia, na ishara ya kichwa kutoka ndani ya gunia iliweza kumpeleka mtu kizuizini.

Wenye mchezo wenyewe wameliona tatizo. Katika toleo la mwaka 2000, nusu-orki alizaliwa na nyongeza ya 2 katika nguvu, na upungufu wa 2 katika akili na 2 katika haiba. Mwaka 2020 kilitoka kitabu kilichomruhusu mchezaji kuzihamisha nyongeza hizo, na toleo la mwaka 2024 likaliacha neno la zamani, likachukua lile la spishi. Alama za nyongeza zikafungamanishwa na maisha aliyoishi mhusika kabla ya safari, kama vile ubaharia. Ni hatua njema. Hata hivyo mfasiri akiyaita maisha hayo usuli au asili, nasaba itarudi kwa kificho. Neno linalofaa ni malezi. Aliyelelewa Majengo anajua ayajuayo kwa kuwa alilelewa pale, awe mtoto wa nani.

Hatudai kwamba viumbe wote wafanane. Safari ya wanaofanana haina haja ya wenzi. Kibeti aone gizani, jini apenye ukutani: tofauti hizo huzaa matukio. Tunayoikataa ni ile inayoupima utu. Watoto wa mitaani wakicheza kalongo, mama wa leo huwa mtoto wa kesho, na cheo hupatikana kwa mabishano. Naye Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini watazamaji wa Vitimbi walimjua kuwa ni Mzee Ojwang' mwenye lafudhi ya Kijaluo. Ucheshi ule ulitegemea kasumba za kikabila, hilo halifichiki. Ila ulionyesha pia kwamba lafudhi ni vazi.

Mintarafu wenzi wa safari, michezo ya kompyuta imewafanya kuwa akaunti ya benki. Katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009, mchezaji humpa mwenzi zawadi na alama za mapenzi zikapanda. Hadithi ya Sultani Darai, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870, ina hesabu kali zaidi. Maskini ananunua paa. Paa anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake nyumba. Paa akiugua, bwana anaamuru apikiwe uji wa mtama. Paa anakufa, mke anarejea kwao, na bwana anajikuta tena jaani. Mwenzi hapa hakuondoka tu kwa hasira. Kila kilichopatikana kwa mkono wake kilikwenda naye. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja, na ingemfanya mchezaji aogope kumdharau mwenzi kuliko anavyoliogopa joka.

Linabaki suala la usemi. Kishawishi ni kuwapa Waelfi Kiswahili sanifu na kuwaachia maorki Sheng, jambo ambalo vijana wa Eastlands, ilikokulia Sheng na ambako kila mtaa una Sheng yake, watalitambua mara moja kuwa ni tusi. Tunapendekeza kila mwenzi aweze kusema Kiswahili sanifu mbele ya hakimu na Sheng kwenye baze, kama wafanyavyo wakazi wenyewe, na kutojua mojawapo kuhesabiwe kuwa ni upungufu wa malezi ambao wenzake waweza kumwondolea safarini.