Kumvisha Mzee Maiki

Video ya ruracio, sherehe ya mahari, iliyopigwa na mkono unaotetemeka bado itatazamwa Jumapili jioni, familia imejazana sebuleni, kila mtu akijitafuta kwenye kioo. Lakini ile ambayo mzee wa ukoo amesimama na fimbo yake, midomo inakwenda, na kinachosikika ni jenereta na watoto wa jirani, hiyo haimalizi dakika 5. Shosho atauliza, “Amesemaje hapo?” Hakuna wa kumjibu, na rimoti itaanza kutafutwa chini ya mito. Ni hivyo Nkubu, ni hivyo Runyenjes, na nadhani ni hivyo popote ambapo maneno ndiyo sherehe yenyewe.

Kwetu huku Meru na Embu maneno ndiyo sherehe yenyewe. Wageni huja na asali na miraa iliyofungwa kwa majani ya mgomba, na wenyeji hujifanya hawajui wamefuata nini. Kijana anayeoa hakai mbele; husemewa. Msemaji wa upande huu anatupa fumbo, wa upande ule analirudisha limepinda zaidi, mama mmoja anacheka kwa kejeli kutoka nyuma, na bei ya mbuzi inapanda bila mtu kutaja shilingi. Ondoa sauti hapo, ubaki na wanaume waliovaa makoti wakinyoosheana vidole. Ndiyo maana fundi ninayemsifu leo si mwenye kamera, wala yule wa droni ambaye watoto humfuata kama sarakasi imeingia kijijini. Ninamsifu kijana wa maiki: anayefika mapema na kibegi kidogo, anazungumza na wazee kwa sauti ya chini, kisha hapigiwi makofi na mtu yeyote siku nzima.

Kazi yake inaanzia kwenye hesabu ndogo. Sauti ikiwa hewani hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Mzee akiwa mita 4 kutoka kwenye kamera, na kifua chake kikiwa sentimita 20 kutoka mdomoni mwake, kifua kiko karibu na mdomo mara 20 kuliko kamera. Hakuna kamera ya bei yoyote inayoshinda hesabu hiyo. Kwa hiyo maiki hupelekwa kifuani, na sauti husafirishwa kwa redio: transmita kiunoni mwa msemaji, risiva juu ya kamera, na kati yao hewa tupu.

Wazo lenyewe lina umri. Kampuni ya Shure ya Marekani iliuza maiki isiyo na waya, iliyoitwa Vagabond, tangu mwaka 1953. Mwaka 1964, katika filamu ya My Fair Lady, mwigizaji Rex Harrison alikataa kuigiza nyimbo zake juu ya sauti iliyorekodiwa kabla, kwa sababu hakuwahi kuuimba wimbo kwa namna moja mara mbili. Mafundi wa George Groves wakaficha maiki ya redio ndani ya tai yake, naye akaimba papo hapo mbele ya kamera. Groves alipata tuzo ya Oscar kwa sauti ya filamu hiyo. Wazee wetu wangemwelewa Harrison bila kufafanuliwa. Msemaji wa mahari naye harudii. Ukimwomba aseme tena kwa ajili ya video, atakutazama kama mtu aliyekosa malezi.

Hewa hiyo tupu, hata hivyo, si tupu. Maiki nyingi za kitaalamu hufanya kazi katika masafa ya UHF, yaleyale ya televisheni. Kenya ilipozima matangazo ya analojia mwaka 2015, ramani ya masafa ilibadilika: televisheni za dijitali zilibanwa kati ya megahezi 470 na 694, kila chaneli ikichukua megahezi 8, na masafa ya juu yake yakaenda kwa simu za mkononi. Msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Wapo wanaonunua maiki ya mitumba ya megahezi 700 na kitu kwa bei ya kutupa, wakidhani wameokota dhahabu. Marekani ilipiga marufuku maiki za masafa hayo mwaka 2010, na chombo kilichokatazwa kwao hutafuta mnunuzi kwingine. Ukimvisha bwana harusi chombo hicho, usishangae kiapo kikikatikakatika.

Fundi mzuri basi hafiki na masafa aliyoyazoea. Anafika, anaiwasha risiva peke yake, anaiacha ipekue hewa ya mahali pale, ndipo achague. Maua si Chuka, na Chuka si Kiritiri; kila bonde lina mnara wake. Sikukuu ya Madaraka ilipofanyika Kinoru, Meru, mwaka 2018, na Embu mwaka 2023, kila kituo cha televisheni kilikuja na vyombo vyake, na katika umati wa namna hiyo kutafuta nafasi hewani ni kazi kama kutafuta pa kuegesha gari Makutano siku ya soko.

Lipo pia jambo linalowaumbua hata waliosoma. Ukiwa na maiki tatu, akili inakutuma uzipange kwa nafasi sawa: megahezi 500, 501, 502. Ukifanya hivyo umejichimbia shimo. Transmita mbili zikikaribiana huzaa mawimbi mengine ambayo hukuyaomba. Mara mbili ya 501 ukitoa 500 unapata 502, ndipo hapohapo ulipoiweka maiki ya tatu. Masafa yanataka yapangwe ovyo kwa hesabu, ukipenda kusema hivyo. Risiva za kisasa huja na mipangilio iliyokwisha kukokotolewa, na aliye mnyenyekevu huifuata.

Tangu kampuni ya Rode ilipotoa maiki ya Wireless GO mwaka 2019, na wengine wakafuata, maiki ndogo za gigahezi 2.4 zimejaa kila duka la simu. Sina ugomvi nazo. Kijana wa Timau anayerekodi wakulima wa viazi kwa simu yake anasikika vizuri leo kuliko baadhi ya mazishi ya wakubwa ya miaka ya nyuma. Ila ziko kwenye masafa ya Wi-Fi na Bluetooth, na maji huyanywa masafa hayo. Binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Kanisa likiwa tupu saa moja asubuhi, majaribio hutoka safi hadi mlangoni; saa nne viti vimejaa, watu wamesimama, simu zote zimewashwa, na sauti ya mchungaji inaanza kumegeka. Dawa yake ni kuinua risiva juu ya vichwa vya watu, isimame mahali inapoiona transmita, na kuihamisha transmita kutoka mgongoni mwa msemaji hadi ubavu unaoelekea kamera. Kuongeza sauti kwenye kamera hakusaidii kitu, unaongeza mkwaruzo.

Hayo yote hufundishika kwa wiki chache. Sasa kuna kumvisha mtu.

Kumvisha mtu maiki ni kumgusa kifuani, mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza. Kijana asiye na adabu humwendea mzee wa Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, kama fundi cherehani aliyechelewa, anapeleka mkono kwenye koti na kumwambia “simama hivi”. Mzee atasimama hivyo, lakini maneno yake yatakuwa yamekaa. Mwenye adabu humsalimu kwanza, anakaa au kuinama ili asimtazame kutoka juu, anamwonyesha kidude chenyewe kiganjani, anamweleza kwamba watoto walio mbali watamsikia kwa hiki. Kisha humwachia aamue. Mara nyingi mzee huita mjukuu, na mjukuu ndiye anayebana maiki, fundi akielekeza kwa maneno: shibiri moja chini ya kidevu, si juu zaidi, maana kidevu kitaifunika akiinama kusoma, waya upigwe kitanzi kidogo nyuma ya ukosi ili ukivutwa kitanzi ndicho kivutike kwanza, medali, rozari na shanga zisogezwe.

Kwa akina mama ni adabu juu ya adabu. Waya unapita ndani ya nguo, na nguo nyingi za sherehe hazina mkanda wa kuning'iniza transmita. Timu yenye busara huwa na msichana ndani yake na mkanda wa mpira kwenye begi. Wanaingia chumbani na shangazi, mlango unafungwa, na wanaume wanangoja nje hata kama ratiba imeanza kukimbia. Bibi harusi mwenyewe wengi hawamvishi kabisa. Bwana harusi huvishwa kwenye ukosi wa suti, na kwa kuwa wakati wa kiapo wamesimama uso kwa uso, sauti ya mke hudakwa na kifua cha mume. Sijui suluhisho lingine la kiufundi lililokaa vizuri kiasi hicho.

Nguo zina tabia. Hariri hukwaruza, pamba hunyamaza, koti jipya la poliesta hulalamika mchana kutwa. Upepo wa Timau unaoteremka kutoka Mlima Kenya huvuma moja kwa moja ndani ya maiki, na kile kijisponji cheusi kinachouzwa nayo hakiuzuii, panahitajika manyoya. Wacheza ngoma wa Chuka, wenye ngoma ndefu walizozibana katikati ya miguu, hupiga kwa nguvu inayoweza kuifanya maiki iliyopimwa kwa mazungumzo itoe mlio wa kitu kinachopasuka. Anayejua ataushusha usikivu wa transmita kabla ngoma hazijaanza. Na kuna miraa. Mzee wa Igembe akitafuna huku amevaa maiki, fundi husikia kila jani. Hilo halina dawa ya kiufundi, wala mimi singethubutu kumwambia ateme.

Hedifoni ndiyo alama ya kazi. Ukimwona mtu wa video hana kitu masikioni, ujue anarekodi kwa imani. Taa za kijani kwenye risiva husema kwamba mawimbi yamefika; hazisemi kwamba shanga zinagonga maiki, au kwamba kamera imeachwa ijipandishie sauti yenyewe, hivyo msemaji akinyamaza kidogo jenereta ya nyuma ya hema inajitokeza ikinguruma kama mgeni rasmi. Usikivu wa kamera hushushwa kwa mkono, sauti za juu huachwa zifike karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, na betri hubadilishwa kabla ya kiapo, si zikifa. Zile zilizotumika nusu hupelekwa kwenye tochi.

Na kwa kuwa hedifoni haisahau, fundi husikia yasiyomhusu. Mjomba anapoondoka barazani kwenda nyuma ya nyumba kushauriana na wenzake, transmita inaondoka naye. Kule nyuma inasemwa namba ya mwisho, ile ambayo upande huu hautashuka chini yake. Kijana ameketi kwenye hema la upande wa pili, anakula chapati, na anaijua. Anajua nani ana deni, nani hamtaki mkwe, nani alilia chooni asubuhi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini sijaona hema ambalo sheria hiyo ilisomwa. Kinacholinda familia pale ni kidole cha kijana kwenye kitufe cha kuzima, na mdomo wake. Wale ninaowaheshimu huzima msemaji anapoinuka, humkumbusha avue akielekea msalani, na wakati wa kuhariri hufuta vipande hivyo hata kabla ya kuvisikiliza mara ya pili.

Thamani yao ilionekana mwaka 2020, serikali ilipoweka ukomo wa waombolezaji 15 kwa mazishi kwa sababu ya korona. Ghafla waliokuwa kwenye mtandao walizidi waliokuwa kaburini. Binti aliye Qatar, kaka aliye Marekani, ukoo mzima uliozuiwa Nairobi, wote walimzika baba kwa masikio. Picha ilikuwa ileile: migomba, jeneza, barakoa. Aliyeweka maiki moja safi kwenye kifua cha mchungaji na nyingine kwa anayesoma wasifu aliwapa watu mazishi. Aliyetegemea kamera iliyosimama mita 10 aliwapa upepo.

Kwa hiyo nina ombi kwako unayeoa Agosti au Desemba, au unayemzika mzazi wako wiki ijayo. Unapoongea bei na watu wa video, usianze na droni. Waulize ni nani atakayewavisha wazee maiki, atafika saa ngapi, na kama kuna msichana wa kuwavisha akina mama. Jina la fundi huyo wa maiki liandikwe mwisho wa video pamoja na la mpiga picha, na alipwe kama fundi, si kama mbeba begi. Wakikujibu kwamba kamera yao ina maiki ndani yake na inatosha, tafuta wengine.