Giza la Kiasi: Sifa za Kioo cha Rangi

Katika Jumba la Kumbukumbu la Mauaji ya Kimbari, kilimani Gisozi, jijini Kigali, kuna madirisha ya vioo vya rangi yaliyobuniwa na Ardyn Halter. Baba yake, Roman Halter, alinusurika kambi ya mauaji ya Auschwitz, kisha akaishi Uingereza akiwa msanifu majengo na fundi wa vioo. Mwana naye akaishika kazi hiyo. Jumba lilifunguliwa Aprili 2004, miaka 10 baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mahali walipozikwa watu zaidi ya 250,000. Dirisha moja linasimulia taifa lilivyoporomoka hadi kwenye mauaji. La pili, njia ya kusonga mbele.

Naistahi sana kazi ya kioo. Rangi yenyewe huingia kioo kikiwa bado kimeyeyuka tanurini: kobalti huleta buluu, dhahabu huleta wekundu. Fundi hukata vipande kwa kufuata mchoro, kisha huchora juu yake kwa unga wa kioo uliochanganywa na madini ya chuma au shaba. Mchoraji wa turubai akitaka mwanga huchovya rangi nyeupe. Mchoraji wa kioo hana nyeupe. Hupaka weusi mwembamba kipande kizima, huuacha ukauke, ndipo huukwangua kwa ncha ya kijiti au brashi ngumu mpaka nuru ipenye: mstari wa shavu, ukingo wa kidole. Akizidisha, huosha na kuanza upya. Akiridhika, huchoma kipande kwa joto linalozidi nyuzi 600, weusi ugandamane na kioo, usifutike tena. Mwisho vipande huunganishwa kwa madini ya risasi na kulehemiwa.

Kwa hiyo kila sura kwenye kioo ni uamuzi kuhusu giza. Likibaki lote, hakuna kinachoonekana. Likiondolewa lote, sura inapotea. Manusura anayesimama kutoa ushuhuda katika kumbukumbu ya kila Aprili anaujua uamuzi huo: aseme nini, kipi akibakize moyoni, ili waliokufa waonekane kama watu na si kama idadi.

Madirisha ya Gisozi yalibuniwa na mtoto wa manusura wa mauaji mengine. Leo Rwanda ina watoto wengi wa manusura, na wengine wana mkono wa uchoraji. Wafundishwe kazi hii, wajengewe matanuri, na madirisha yajayo wayachore wao.