Mwizi wa Mbao, Mwenye Ardhi: Kinaya na Msimulizi katika The Secret River

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, riwaya ninayokuletea hapa si kitabu teule cha Kiswahili. Iliandikwa kwa Kiingereza na Kate Grenville wa Australia, ikachapishwa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikatwaa Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, ina mengi ya kutufunza kuhusu maswali mawili ambayo watahiniwa huyajibu kijuujuu: kinaya na nafasi ya msimulizi.

Kwa muhtasari, William Thornhill ni mwanamashua fukara katika mto Thames, London. Anaiba mbao za thamani, anashikwa na kuhukumiwa kunyongwa. Adhabu inabadilishwa, na badala ya kitanzi anapelekwa New South Wales maisha yake yote. Mwaka 1806 anashuka Sydney pamoja na mkewe Sal na watoto. Baada ya kusamehewa, anajitwalia ekari 100 kando ya mto Hawkesbury. Hapo ni nyumbani kwa Wadharug, wenyeji wa tangu jadi. Mgogoro unatokota hadi Thornhill anashiriki katika mauaji ya halaiki ya wenyeji hao.

Msuko huu una mizizi katika historia. Kati ya mwaka 1788 na 1868, Uingereza iliwasafirisha wafungwa wapatao 160,000 hadi Australia. Grenville alianza kwa kufuatilia habari za babu yake wa vizazi vya nyuma, Solomon Wiseman, mfungwa aliyefika mwaka 1806. Mahali alipoanzisha kivuko mwaka 1827 pangali panaitwa Wisemans Ferry. Hata hivyo, usiandike kwamba Thornhill ndiye Wiseman. Thornhill ni mhusika wa kubuni, na mwanahistoria Inga Clendinnen alimkosoa Grenville vikali kwa kuipa riwaya kazi ya historia.

Tuanze na kinaya. Kule London, Thornhill alipoiba mbao, sheria ilimwandalia kitanzi. Huku Hawkesbury anatwaa ardhi nzima, na sheria ya dola ileile inamtambua kuwa mwenye mali. Aliyeadhibiwa kwa wizi mdogo anatukuzwa kwa unyang'anyi mkubwa. Mtahiniwa asiishie hapo, kwa maana kinaya hiki kinarudiwa kwa kiwango kidogo shambani. Thornhill na wanawe wanang'oa mimea yenye viazi ambavyo Wadharug huchimba na kula, ili wapande mahindi. Mahindi yanapokomaa na wenyeji kuja kuyavuna, wao ndio wanaoitwa wezi! Mwandishi haelezi maana ya jambo hili. Anaweka matukio hayo mawili mbele yetu, nasi tunayaunganisha. Ilichukua hadi mwaka 1992, katika kesi ya Mabo, kwa Mahakama Kuu ya Australia kuikataa dhana kwamba bara hilo halikuwa na wenyewe Waingereza walipofika.

Sasa tumtazame msimulizi. Anasimulia kwa nafsi ya tatu, lakini si maizi wa kila jambo. Anaingia katika moyo wa Thornhill peke yake. Siku familia inapofika shambani, wanakuta udongo uliochimbuliwa karibuni. Thornhill anasema ni kazi ya wanyama, ingawa moyoni ana wasiwasi. Msomaji anatambua mara moja kwamba hiyo ni kazi ya mtu. Pengo hili kati ya anachokubali mhusika na anachokijua msomaji ndilo linalobeba maudhui ya riwaya nzima. Tumeuona ufukara wa Thornhill, tumemhurumia, na tayari tumekwisha kuwa upande wake anapoanza kujidanganya.

Sal anamzidi mumewe kwa kuona. Kwa muda mrefu anaweka alama juu ya mti kuhesabu majuma yaliyobaki kabla ya kurudi London. Siku moja anafika kwenye kambi ya wenyeji, anakuta uwanja umefagiliwa, na hapo anatambua kwamba watu hawa wana kwao kama yeye alivyo na kwao. Ufagio unamfundisha kile ambacho mumewe amekataa kujifunza.

Je, uteuzi wa msimulizi huyu una gharama? Kwa maoni yangu, unayo. Wenyeji wengi tunawajua kwa majina ya kubandikwa na walowezi, na mawazo yao hatuyasikii kamwe. Wapo watakaosema huo ni uaminifu wa mwandishi asiyetaka kuwasemea wengine. Hoja hiyo ina nguvu, lakini matokeo yake ni kwamba tunamaliza kitabu tukiyajua majuto ya muuaji kuliko tunavyowajua waliouawa. Andrew Bovell alipoigeuza riwaya hii kuwa tamthilia, iliyoigizwa Sydney mwaka 2013, wenyeji walipewa majina yao na wakazungumza lugha yao jukwaani. Marekebisho hayo yanathibitisha kwamba pengo lilikuwapo.

Mwishoni Thornhill ni tajiri. Amejenga jumba la mawe juu ya mwamba wenye mchoro wa samaki uliochongwa na wenyeji, na mchoro umefunikwa na msingi. Mwanawe Dick, aliyecheza na watoto wa Wadharug, amemhama. Jioni Thornhill huketi na darubini akitafuta umbo la mtu msituni, wala haoni furaha aliyoitarajia. Jumba ni ishara ya mafanikio na vilevile ni kifuniko cha kosa. Ukitaja maana moja tu, umetoa nusu ya jibu.

Jaribu swali hili darasani: "Thornhill ni mkosaji na pia mkosewa." Jadili. (alama 20). Anayempaka matope Thornhill tangu mwanzo hadi mwisho atakosa alama za London, na anayemtetea tu atakosa alama za Hawkesbury. Kisha waagize wanafunzi waandike upya tukio la kuwasili shambani, msimulizi akiwa Mdharug anayetazama kutoka msituni. Wakimaliza, wachukue riwaya teule wanayoisoma na waulize: moyo wa nani haukufunguliwa humu, na kwa nini?