Wachuma Majani wa Mwatate

Mwatate imejaliwa jambo ambalo miji mingi ya Kenya haina: ina hali mbili za hewa kwa wakati mmoja. Ukitoka Voi kwa barabara ya Taveta unapita nchi kavu ya migunga na mibuyu, udongo mwekundu, na Tsavo na ndovu wake hawako mbali. Ukifika Mwatate, barabara ya Wundanyi inachepuka kulia na kuanza kupanda. Baada ya kona chache vumbi limebaki chini, migomba imeanza, na mbele yako ni ukungu. Milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kina mita 2,208, huuzuia upepo wenye unyevu unaotoka Bahari ya Hindi na kuugeuza mvua. Bondeni hufika kinachosalia. Ndiyo maana mwezi wa Agosti, wakati mashamba ya chini yamebaki mabua matupu, utamkuta mama ameshuka na gari la asubuhi kutoka milimani na mafungu ya mnavu ambayo bado yana umande.

Ninataka kumsifu mama huyo, pamoja na mwenzake wa bondeni anayejua mjafari unaota wapi na ukwaju unaiva lini. Kazi yao haina cheti wala cheo. Tunawaita wauza mboga, tunapatana bei, tunakwenda zetu. Mimi kazi hiyo naihesabu kuwa ufundi kamili, wenye kanuni zake na mabingwa wake, na unaoweza kupotea kama ufundi mwingine wowote. Siku hizi siha huuzwa kwa chupa na pakiti: unga wa jani hili, vidonge vya mzizi ule, kijiko kimoja kila asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi. Mchuma majani haanzii kwenye kijiko. Anaanza kwa kuuliza huu ni mwezi gani, mvua imekatika lini, na wewe unakaa mlimani au bondeni.

Mtazame akichuma kunde. Hang'oi mche wala hapurui tawi zima. Kidole gumba na cha shahada hukutana chini ya kichipukizi chenye majani mawili matatu laini, hukikata kwa ukucha, na mkono umeshahamia mche wa pili. Jani lililokomaa, lenye mishipa migumu, huliacha liulishe mmea. Mche uliokatwa ncha hutoa matawi ya pembeni, na baada ya siku chache kuna cha kuchuma tena. Kunde zikianza kutia maua mkono hupunguza mwendo, kwa sababu sasa mmea unataka kuzaa na kila jani lina kazi. Nyumbani majani humwagwa kwenye ungo yakachambuliwa moja moja. Mabua ni ya mbuzi, yenye madoa hutupwa. Huoshwa yakiwa mazima, ndipo hukatwa. Anayekata kwanza kisha akaosha humwaga nusu ya mboga yake pamoja na maji. Mtaalamu wa lishe atakuambia hilo hilo kwa maneno mengine: vitamini C huyeyuka majini, na jani lililokatwakatwa huiachia upesi.

Muuzaji hodari hakupi mboga kabla hajakuuliza, "Unapika leo ama kesho?" Ya leo atakuchagulia laini, ya kesho atakufungia iliyokaza kidogo, na atakuagiza usiifungie kwenye mfuko wa plastiki. Atakuuliza pia kama mna watoto wadogo nyumbani. Mnavu na mgagani ni michungu, na mtoto aliyelazimishwa uchungu mtupu akiwa na miaka mitatu huenda akazikimbia mboga hizo maisha yake yote. Hapo hukuchanganyia mchicha au majani ya maboga, kiasi cha kuupooza uchungu bila kuuondoa. Vipimo vyake vimo kiganjani.

Mboga hiyo huliwa na nini? Kwa Wataita jibu la zamani ni kimanga: muhogo au viazi vitamu vilivyopikwa pamoja na maharagwe au mbaazi mpaka vikalainika, kisha vikapondwa kwa mwiko. Chakula hiki kinashibisha na hakimwachi mtu ameshiba wanga peke yake. Maharagwe yana madini ya chuma, majani ya kijani yana madini ya chuma, lakini chuma cha mimea huingia mwilini kwa shida. Kinachokifungulia njia ni vitamini C. Kwa hiyo yule bibi anayekamulia ndimu kwenye mboga, au anayewapa wajukuu ubuyu wa kumung'unya baada ya kula, anafanya jambo la maana sana. Ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na bonde hili lina mibuyu ya kutosha kila mtoto. Kinachotuharibia ni chai. Tunakunywa chai ya rangi juu ya chakula, na chai hukishikilia kile chuma kisiingie mwilini. Ingesubiri saa moja tu baada ya mlo, ingetosha.

Wasomi wamekuja kujifunza kwa watu kama hawa. Profesa John Kokwaro alichapisha mwaka 1976 kitabu chake cha mimea ya dawa ya Afrika Mashariki, na mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye wakatoa kitabu cha mimea ya asili inayoliwa Kenya. Kulikuwa na kipindi ambapo mtu wa mjini aliona haya kuonekana na mnavu. Sukumawiki na kabeji ndizo zilizokuwa mboga za kistaarabu. Juhudi za kuvirudishia vyakula vya asili heshima yake zilifika mbali kiasi kwamba mwaka 2021 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Nilifurahi kusikia. Ningefurahi zaidi kama bei ya fungu pale sokoni ingelingana na sifa hizo.

Basi turudi kwenye majira, kwa kuwa ndiyo mwalimu wa kazi yote. Masika, tangu Machi hadi Mei, hayahitaji maelezo marefu: kila kitu kinaota, na kazi kubwa ni kuhifadhi kinachozidi. Majani ya kunde hupitishwa kwenye maji ya moto, yakatandazwa kivulini mpaka yakakauka. Kivulini, nasisitiza, kwa kuwa jua kali huua rangi ya jani pamoja na kile kinacholipa jicho la mtoto vitamini A.

Kipupwe ndicho kinachopima ujuzi. Kuanzia Juni milima huvaa ukungu, watoto wa Wundanyi na Mgange huenda shule na masweta, na vifua huanza kubana. Hapa ndipo mtu hujifukiza. Majani ya mkaratusi, kivumbasi na mchaichai hutiwa kwenye sufuria ya maji, yakachemshwa na kufunikwa ili mafuta yake ya harufu yasipotee. Sufuria huipuliwa, ikawekwa sakafuni mahali tambarare, na mgonjwa mtu mzima akaketi mbele yake chini ya blanketi, akivuta pumzi kwa pua taratibu. Mvuke hulegeza makohozi na kuzibua pua. Mtoto mdogo hafukizwi hivi, maana maji hayo yakimwagika ni jeraha la maisha. Yeye hupewa kitu cha moto cha kunywa na kifua chake huwekwa penye joto. Na bingwa wa kweli anaujua mpaka wa majani yake. Mtoto anayepumua mbiombio, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, hana muda wa kivumbasi. Huyo ni wa hospitali, saa hiyo hiyo.

Mpaka huo ni sehemu ya ufundi, tena sehemu niipendayo kuliko zote. Mshubiri ni dawa kali ya kuharisha, na mama mjamzito hapewi. Anayemeza dawa za sukari au presha haongezewi mizizi bila daktari wake kujua. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inautambua uganga wa asili, lakini sheria haiwezi kusimama jikoni kila jioni. Anayesimama pale ni bibi mwenye kusema "hili silijui, nenda ukapimwe", na neno hilo linahitaji ujasiri kuliko kuchemsha mizizi saba.

Kuna mpaka mwingine, wa mti wenyewe. Gome la mjafari huchukuliwa upande mmoja wa shina, ukanda mwembamba wa kwenda juu, na kidonda huachwa kipone kabla mtu hajarudi. Ukilibandua gome kuuzunguka mti mzima umeikata njia ya chakula kinachoshuka kutoka majanini, na mti utakufa umesimama. Linganisha na yaliyoupata msandali katika kaunti hii. Mafuta yake ya manukato yamejaa shinani na mizizini, kwa hiyo wanaousaka hawakati tawi. Wanaufukua wote, shimo likabaki. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 msandali wa Afrika Mashariki ukaingizwa katika mkataba wa CITES, na bado malori yake yamekuwa yakikamatwa. Anayeng'oa hategemei kurudi pale. Mchuma majani anategemea kurudi wiki ijayo, na mwakani, na binti yake baada yake.

Chakula na mitishamba haviwezi peke yake kuuweka mwili sawa. Kuna kuunyoosha. Akina mama wa hapa wanaosuka vikapu vya katani huketi chini, miguu imenyooshwa mbele, mgongo wima, mikono ikifanya kazi, na hukaa hivyo muda mrefu bila kuegemea ukuta. Mwalimu wa yoga angelitambua kao hilo mara moja. Yeye huliita dandasana, na wanafunzi wake wa mjini, waliozoea viti vya ofisi, hulitafuta kwa jasho. Kuchuchumaa kwetu, magoti yamekunjwa na nyayo zikigusa chini zote, nako kumo katika mafunzo yao. Ninaiheshimu yoga kwa sababu imeyapa mambo haya mpango na ikayaweka pamoja na pumzi. Na ndugu yake, tiba ya Kihindi ya Ayurveda, huugawa mwaka katika majira sita, kila moja na chakula chake na kiasi chake cha mazoezi: baridi ikiingia mtu ajitaabishe zaidi, joto likizidi apunguze.

Ushauri huo unafaa hapa, ila kwa kalenda yetu. Tangu 2015 dunia huadhimisha siku ya yoga tarehe 21 Juni, iliyochaguliwa kwa kuwa ndiyo siku ndefu kuliko zote kaskazini ya ikweta. Sisi tuko kusini yake kwa digrii tatu na ushei, siku hiyo ni miongoni mwa fupi zetu, na ni kipupwe. Kwa hiyo Juni ya Mwatate inadai mazoezi ya kupasha mwili moto, kama ule mfululizo wa kuliamkia jua, ukirudiwa mpaka mgongo ulegee. Februari, jua la bondeni likiwa kali, mtu ajinyooshe alfajiri, polepole, halafu anywe maji ya ukwaju na apumzike.

Na pumzi? Kutoa pumzi ndefu kuliko unavyoivuta hutuliza mapigo ya moyo. Wanayoga wanalijua hilo tangu kale. Wataita nao walikuwa na tendo lao. Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1978, alieleza kwamba dini ya wazee ilizunguka jambo moja, hasira iliyofichwa moyoni. Hasira ya mzee ingeweza kumfanya mtoto wa mwingine augue. Dawa yake ilikuwa kutasa: mtu hujaza kinywa pombe au maji ya muwa, akayapuliza nje kama mvua nyepesi, huku akitamka kwamba ameiachilia hasira na anawatakia watu wake uzima. Sisemi kutasa ni yoga. Nasema wazee hawa walijua kwamba kuna ugonjwa ambao jani haliufikii, na wakaupa njia ya kutokea kinywani, mbele ya watu. Wakristo wengi wa Taita, ambako misheni ya Sagalla ilianza mwaka 1883, huyatazama yote mawili kwa wasiwasi. Nawaelewa. Hata hivyo mtu anaweza kukaa kimya kabla ya sala ya asubuhi, akapumua taratibu, akaitaja hasira yake na kuiacha, bila kubadili Mungu wake.

Tukirudi kwenye majira, baada ya kipupwe huja vuli. Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga, mgagani na mchicha pori hujiotea bila kupandwa, na ndizo mboga za kwanza kuliwa baada ya ukame. Ndizo pia za kwanza kunyunyiziwa dawa ya magugu, kwa kuwa mwenye kuandaa mahindi huziona ni takataka. Dawa hiyo inapendwa kwa sababu inaokoa mgongo, na siwezi kumlaumu mtu kwa kuuhurumia mgongo wake. Ila wachuma majani niwajuao huomba kitu kidogo: pembe moja ya shamba isipuliziwe, ipaliliwe kwa mkono tu, na miche kadhaa ya mgagani iachwe bila kuchumwa hata jani moja mpaka Januari, maganda yake ya mbegu yakauke na kupasuka, mbegu zidondoke hapo hapo.